Maswali ya Wasomaji: Karma, na Habari ya Maisha Yaliyopita



Mwezi huu nimepokea barua mbili, nazo zina neno moja ndani yake, ingawa walioziandika hawajuani. Ya kwanza ni ya mwalimu wa shule moja ya Ilala. Asema kwamba vijana wake wamezoea kulitaja neno "karma" kila siku. Mwizi akikamatwa Mtaa wa Kongo na simu ya mtu mkononi, husema, "Karma hiyo." Mchezaji aliyehama Simba kwenda Yanga akiumia goti, husema vivyo hivyo, na akihama Yanga kwenda Simba, wale wa upande wa pili husema wao. Basi mwalimu ataka kujua neno hili maana yake ni nini na limetoka wapi, maana hapendi kufundisha kwa kubahatisha.

Barua ya pili ni ya mama mmoja wa Buguruni. Mtoto wake wa miaka mitatu hasikii. Jirani yake, ambaye si Mhindu bali ni mwenzetu wa kanisani, alisoma mambo ya yoga katika simu yake, akaja akamwambia ya kuwa mtoto yule analipa deni la maisha aliyoishi kabla ya kuzaliwa, na kwamba afadhali mama asihangaike na madaktari, kwa kuwa deni la namna hiyo halina dawa. Mama huyu aniuliza, "Je, ni kweli kwamba watu wa yoga hufundisha hivyo? Na kama ndivyo wafundishavyo, nimjibu nini?"

Nilikuwa nimekusudia kuandika habari ya utunzaji wa vitabu vya shule wakati wa mvua. Vitabu na vingoje. Barua ya mama huyu haiwezi kungoja.

Nitaanza kwa kuyaeleza mafundisho yenyewe kama wenyewe wanavyoyaeleza, maana si haki kumshitaki mtu kwa neno asilolisema. Na sisi wa Dar es Salaam hatuna haja ya kuvuka bahari ili tuwaone watu wanaoishika imani hii. Ukitoka Kariakoo kwa miguu, ukapita Mnazi Mmoja, ukaingia Kisutu, utayaona mahekalu ya Wahindu. Wazee wao walikuja na majahazi kwa pepo za kaskazi kutoka Kachi na Gujerati, wakafanya biashara Unguja na Mrima wote. Watu wa pwani wakawaita Mabanyani. Mmoja wa matajiri wao, Jairam Sewji, ndiye aliyekodi forodha ya Unguja katika siku za Seyyid Said. Hata Wabuddha wana hekalu lao upande wa Upanga, lililoanzishwa mapema katika karne ya 20 na watu waliotoka Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka. Hawa wote wana tofauti nyingi, na ukiwachanganya utawaudhi. Lakini katika jambo moja wanapatana: kwamba mtu huzaliwa, hufa, na huzaliwa tena, na kwamba kinachompeleka huku na huku ni matendo yake.

Ama neno yoga, wengi wadhani ni kunyosha viungo juu ya mkeka. Hawakukosa kabisa, maana ndiyo inayoonekana katika picha kila tarehe 21 Juni, siku iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2014 na kuadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2015. Lakini kitabu kinachotegemewa na watu wa yoga, kile cha Patanjali, kinazitaja hatua nane, na mikao ya mwili ni hatua moja tu kati ya hizo, tena si ya kwanza. Ya kwanza ni makatazo matano: usidhuru, usiseme uongo, usiibe, usifanye uasherati, usijilimbikizie mali. Mtu akiyasikia haya atafikiri yuko katika darasa la wakatekumeni. Neno yoga lenyewe lina asili moja na neno la kufunga nira, kama ng'ombe wafungwavyo ili walime pamoja. Mwanafunzi huifunga nia yake isitangetange.

Kitabu cha Patanjali ni kidogo sana. Kina maneno yapata mia na tisini na tano, mafupi kama methali, na wataalamu wengi hukisia kwamba kiliandikwa katika karne za kwanza baada ya Kristo. Kwa ufupi wake hakifahamiki vema bila mfafanuzi. Na mfafanuzi wake wa kale aitwaye Vyasa husomwa pamoja nacho, kama vile sisi tusomavyo maelezo chini ya ukurasa.

Sasa ndugu mwalimu, sikiliza neno lako. Karma ni neno la Kisanskriti, na maana yake ni tendo. Basi, ni tendo tu. Si laana, si kisasi, wala si ajali ya goti. Yule mwizi wa Mtaa wa Kongo, karma yake ni kule kuiba kwake. Kukamatwa ni tunda, au huenda si tunda la tendo lile hata kidogo. Na wale waliomzunguka wakampiga kwa mawe mpaka damu ikamtoka, nao wametenda karma yao siku ile. Ya kwao haikuwa nyeupe. Vijana wanapocheka na kusema "karma hiyo" hulitazama tendo la mtu mmoja tu katika uwanja uliojaa watu watendao.

Je, tendo huzaaje tunda? Hapa ndipo Patanjali anapoingia ndani. Asema kwamba mzizi wa matendo ni maudhi matano yaliyomo moyoni. La kwanza ni ujinga, yaani kutoijua hali ya kweli ya vitu, na katika hilo manne mengine huota: kujiona nafsi, kutamani, kuchukia, na kushikilia uhai kwa hofu ya kufa. Mtu akitenda akiwa amesukumwa na maudhi hayo, tendo halipiti likaisha. Huacha alama ndani yake. Mimi humfikiria mtu akatizaye majani ili aende kisimani. Siku ya kwanza majani yainama tu. Akipita kila siku, mwisho wake ni njia nyeupe, na hata usiku miguu yake huifuata bila taa. Alama za namna hiyo huwekwa kama katika ghala, na zikiiva, asema Patanjali, zaamua mambo matatu: mtu azaliwe nani, aishi muda gani, na apate raha na taabu gani. Nyingine huiva katika maisha haya haya, nyingine katika maisha yajayo.

Vyasa alilifafanua neno hili kwa mfano ambao nadhani msomaji wa Kiswahili atauelewa upesi kuliko msomaji wa lugha nyingi za Ulaya, maana wao wana neno moja tu kwa kitu ambacho sisi tuna majina mawili. Mpunga, asema, ukiwa na ganda lake na haujachomwa moto, huota. Ukiondolewa ganda hauoti. Kila mtu aliyelima Rufiji au aliyenunua gunia Tandale ajua ya kuwa ukipanda mchele utangoja bure. Kadhalika alama za matendo: zikiwa na ganda la ujinga na tamaa, zaota na kuzaa, ganda likiondoka, zimebaki lakini haziwezi kuota tena. Angalieni basi makusudi ya mafundisho haya. Patanjali hakuandika ili mtu ahesabu madeni yake ya kale. Aliandika ili mtu akoboe mpunga wake.

Watu wengi huchanganya karma na majaaliwa, nao ndio wanaosema, "Imeandikwa, tufanyeje?" Walimu wa Kihindu wamelijibu jambo hili tangu zamani kwa mfano wa mpiga upinde. Mishale iliyomo podoni ni matendo ya kale ambayo bado hayajaiva. Mshale uliokwisha kuruka ni yale yaliyoanza kuiva katika maisha haya, nao haurudi. Lakini ule uliopo juu ya uzi wa upinde, mkononi mwako, huo ni tendo la leo, nao waweza kuuelekeza upendako au kuuweka chini. Asemaye kwamba mafundisho haya yamwamuru mtu kukaa kitako na kungoja, ameuona mshale mmoja na kuisahau mingine.

Sasa nifike kwenye maisha yaliyopita, maana ndiyo yaliyomsumbua mama wa Buguruni. Ni kweli kwamba Patanjali ayataja. Asema kwamba yogi akizitazama zile alama za ndani kwa nia iliyotulia kabisa, aweza kuzijua kuzaliwa kwake kwa kwanza. Na Vyasa aongeza kwamba kwa njia hiyo hiyo hata za mtu mwingine zaweza kujulikana. Sitalificha neno hili, ingawa jirani yetu akilisoma atafurahi. Lakini na aendelee kusoma mbele kidogo. Maarifa hayo yamewekwa katika sehemu ya tatu ya kitabu, pamoja na uwezo mwingine wa ajabu, kama kujua mwendo wa nyota na kutulia kwa njaa na kiu. Na katika sehemu hiyo hiyo Patanjali aonya kwamba mambo hayo, ingawa watu wa dunia huyaona kuwa ushindi, kwa mwenye kutafuta utulivu wa kweli ni vizuizi njiani. Tena ayaweka mbali, baada ya miaka ya kujizoeza kutodhuru, kutosema uongo na mengine yote. Mtu aliyesoma simu yake nusu saa akingoja daladala Buguruni Sheli, akaenda kumtangazia mama mwenye uchungu habari za roho ya mtoto wake, hakuwa yogi. Hakuwa hata katika hatua ya kwanza, maana hatua ya kwanza ni usidhuru.

Na liko neno jingine, ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote katika habari hii. Mapema sana katika kitabu chake, kabla hajalieleza ghala la matendo, Patanjali afundisha jinsi moyo upatavyo kutulia. Asema mtu awe na urafiki kwa walio katika raha, awe na furaha kwa ajili ya watu wema, asijishughulishe na uovu wa waovu, na kwa walio katika taabu awe na huruma. Kwa walio katika taabu hakuweka sharti. Hakusema: kwanza chunguza kama wamestahili. Basi mtu akishika mafundisho ya karma na kuiacha huruma, ameipasua nguo na kuchukua pindo.

Wahindu wenyewe wamegombana juu ya jambo hili, tena wakubwa wao. Tarehe 15 Januari 1934 tetemeko kubwa liliipiga nchi ya Bihar na Nepal, wakafa maelfu ya watu. Mahatma Gandhi akasema hadharani kwamba tetemeko lile ni adhabu ya Mungu kwa dhambi ya kuwatenga watu waitwao wasioguswa. Hakusema habari ya maisha ya kale, lakini fikira ni ndugu: taabu imekuja, basi tuitafute dhambi. Rabindranath Tagore, mshairi mkuu wao, ambaye naye aliichukia dhambi ile ya kuwatenga watu, alimpinga. Aliona si haki kufunga pamoja mwendo wa ardhi na makosa ya watu, maana katika waliofukiwa walikuwamo watoto na hao wasioguswa wenyewe. Gandhi, kwa heshima, aliyachapa maneno ya mpinzani wake katika gazeti lake mwenyewe, lakini hakuacha neno lake. Mimi katika shauri hilo nasimama na Tagore.

Baadaye akaja Bhimrao Ambedkar, mwanasheria, mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Yeye alizaliwa katika hao wasioguswa. Alijua tangu utoto maana ya kuambiwa kwamba umezaliwa chini kwa sababu ya matendo yako ya zamani, kwa hiyo ukae chini. Tarehe 14 Oktoba 1956, huko Nagpur, aliingia dini ya Buddha pamoja na mamia ya maelfu ya watu wake. Na katika kitabu chake juu ya Buddha, kilichotoka mwaka 1957 naye amekwisha kufa, alikataa kwamba hali ya mtu leo yaelezwa kwa makosa ya maisha ya kale. Aliona kwamba fundisho kama hilo laweza kumfumba macho tajiri asimwone maskini, na kumfumba mdomo maskini asidai haki. Mtu mwenye kutaka kujua hatari ya neno, na amuulize yule aliyelichukua mgongoni.

Wala hatari hii haikubaki India. Vijana wa mwalimu wetu wapenda mpira, basi wawaulize wazee wao habari ya Glenn Hoddle, aliyekuwa kocha wa timu ya taifa ya Uingereza. Mwanzoni mwa mwaka 1999 gazeti moja la London lilimnukuu akisema kwamba watu waliozaliwa na ulemavu wanavuna yaliyotoka katika maisha mengine. Alilalamika kwamba hakueleweka, lakini watu walichukizwa sana, na tarehe 2 Februari 1999 aliondoka katika kazi yake. Yeye hakuwa Mhindu. Alikuwa mtu wa Ulaya aliyeokota kipande cha fundisho la watu wengine, kama jirani wa Buguruni.

Sasa tujitazame wenyewe, maana sina budi kusema kweli: desturi ya kumtafutia mwenye taabu kosa lake hatukuletewa na jahazi kutoka Kachi. Tulikuwa nayo. Ni nani asiyewahi kukaa matangani akasikia kando ya moto, "Lakini unajua marehemu alivyomtenda mkewe wa kwanza"? Methali yetu kwamba malipo ni hapa hapa duniani hutajwa zaidi juu ya mwingine kuliko juu ya msemaji. Rafiki za Ayubu nao hawakuwa Wahindu. Walikuja kumfariji, wakakaa kimya siku saba, na hilo lilikuwa jema. Walipofungua vinywa wakaanza kumtafutia dhambi.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu wamo ndani wakiuza na kununua. Waokoaji walichimba kwa siku kadhaa; waliokufa walizidi ishirini. Wengi wenu mliwajua baadhi yao, au mlijua mtu aliyewajua. Miaka kumi na moja kabla ya hapo, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa kumi na sita lililokuwa likijengwa karibu na Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka, wakafa watu thelathini na sita. (Indira Gandhi, niseme kwa kupita, hakuwa jamaa wa Mahatma, kama wengi wadhanivyo, jina alilipata kwa mumewe.) Siku zile nilisikia kwa masikio yangu watu wakiuliza, huyu aliponaje na yule akafa, na mwingine akajibu kwa sauti ya mtu ajuaye.

Bwana wetu aliulizwa habari za namna hii. Alikumbusha mnara wa Siloamu ulioanguka ukawaua watu kumi na wanane, akawauliza waliomsikiliza kama wadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu, naye mwenyewe akakataa. Na alipokutana na mtu aliyezaliwa kipofu, wanafunzi wakamwuliza ni nani aliyetenda dhambi, mtu yule au wazazi wake. Angalieni swali lao. Mtu aliyezaliwa haoni angewezaje kutenda dhambi ambayo kwa ajili yake azaliwe haoni, ila kama alitenda kabla ya kuzaliwa? Wafafanuzi wamebishana kama wanafunzi walikuwa na fikira ya maisha ya kwanza, au ya dhambi tumboni mwa mama kama baadhi ya walimu wa Kiyahudi walivyonena. Vyovyote vile, Bwana hakulichagua jibu hata moja katika yale mawili. Alitema chini, akafanya tope, akamponya.

Nadhani hapa ndipo penye tofauti ambayo mwalimu aweza kuieleza darasani bila kumtukana mtu. Sisi twafundishwa kwamba mtu hufa mara moja, na baada ya hapo ni hukumu. Hatuna maisha ya nyuma ya kuyatafuta wala ya mbele ya kujaribu tena. Kwa mwenye yoga, kila mtu hula tunda la mti wake mwenyewe, kama si leo basi kesho, na kwa hesabu hiyo hakuna apatwaye bure. Hesabu hiyo ina uzuri, maana humfanya mtu auogope uovu wake hata mahali pasipo na shahidi. Lakini nikilitazama jengo la mwaka 2013 hesabu hiyo hainitoshi. Palisemwa hadharani kwamba ghorofa zake zilizidi zile za kibali. Tendo lilikuwa la mtu mwingine, na tofali liliwaangukia wengine. Nikiambiwa kwamba kila aliyeangukiwa alikuwa amelipanda mwenyewe katika maisha asiyoyakumbuka, naona mwenye kujenga vibaya amepunguziwa mzigo wake, na marehemu ameongezewa. Mhindu mwenye elimu atanijibu kwamba mjenzi naye amejiwekea ghala lake na hataponyoka. Ni jibu la haki. Bado mimi nauona ule mzigo wa marehemu.

Wala mwalimu asiwaambie watoto kwamba dini ya jirani zetu haina rehema. Katika Bhagavad Gita, kitabu kinachopendwa na Wahindu wengi kuliko kile cha Patanjali, Krishna amwahidi Arjuna kumfungua na dhambi zote akimkimbilia yeye. Na wengi mno wa hao waingiao mahekalu ya Kisutu jioni waenda kuomba neema, hawaendi kufanya hesabu. Pia akiwa na mtoto wa Kihindu darasani, asimsimamishe mbele ya wenzake aeleze dini ya mababu zake kana kwamba yeye ni padre wao. Mtoto wa miaka kumi na miwili hajui Patanjali, kama vile wa kwetu wasivyomjua Augustino.

Mwalimu aliuliza pia kama Mkristo aweza kufanya yale mazoezi ya kunyosha mwili. Kunyosha mgongo ni kunyosha mgongo. Akiambiwa atamke maneno ya kumwita mungu wa wengine, hayo ni mengine, na anyamaze. Zaidi ya hapo sina la kusema.

Na sasa wewe, mama yangu wa Buguruni. Uliuliza kama watu wa yoga hufundisha hivyo. Wafundisha kwamba taabu ina mizizi katika matendo. Hawafundishi kwamba mwenye taabu aachwe, na kitabu chao chaamuru huruma. Wala hakuna mwalimu wao mwenye akili awezaye kukuambia kwamba daktari hana faida, maana kwa hesabu yao wenyewe kumtafutia mtoto dawa ni tendo jema, ni ule mshale ulio mkononi. Mjibu jirani yako hivyo, kwa upole, naye ataona kwamba hakulisoma lile alilolisoma.

Kutosikia kwa mtoto kuna sababu nyingi zijulikanazo. Yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, au rubela aliyoipata mama akiwa na mimba pengine bila kujua, au mtoto kuchelewa kupumua wakati wa kuzaliwa, au baadhi ya dawa kali za sindano, au urithi wa damu ambao wazazi wote wawili waweza kuuchukua na wao wasikia vizuri. Mara nyingine sababu haijulikani kabisa. Katika hizo sikuoni wewe wala mwanao mkistahili kushitakiwa.

Ila miaka mitatu si michache, mama. Akili ya mtoto hujifunza lugha katika miaka ya kwanza, na kila mwezi una thamani. Mpeleke Muhimbili apimwe masikio. Ni huko huko Upanga, na tangu mwaka 2017 wamekuwa wakipandikiza vifaa vya kusaidia usikivu kwa watoto wanaofaa kupata tiba hiyo. Si kila mtoto afaa, na gharama ni kubwa, kwa hiyo uliza pia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hujakata tamaa. Kama haitawezekana, Shule ya Viziwi ipo hapo hapo Buguruni, si mbali na nyumbani kwako. Nenda hata sasa, mtoto akiwa bado mdogo, ukawaulize walimu wakuonyeshe ishara za kwanza: maji, njaa, mama, inauma, njoo. Jifunze wewe kwanza, kisha watoto wako wengine, ili yule mdogo akinyoosha mkono mezani pawe na mtu wa kumjibu. Na huyo jirani, kama ana nafasi ya kusoma simu, mwambie ajifunze nazo.